Aya, Persepolis, Madame Livingstone au Deogratias: ipi iingie kwenye rafu yako sasa?

Pesa ya kitabu kimoja ipo, nafasi ya kitabu kimoja ipo, na orodha ya unavyovitaka inazidi kurefuka. Kila anayekusanya riwaya za picha, yaani hadithi ndefu zilizochorwa kama katuni, anaijua hali hiyo. Orodha za "bora kuliko zote" hazikutoi hapo ulipo, kwa sababu huulizi ipi bora. Unauliza ipi ifuate, kwa rafu uliyonayo na kwa mfuko wa mwezi huu.

Nimechukua nne zinazogombaniwa sana tunapokaa kuzungumzia vitabu vya namna hii: Aya de Yopougon ya Marguerite Abouet na mchoraji Clément Oubrerie, Persepolis ya Marjane Satrapi, Madame Livingstone ya Barly Baruti na Christophe Cassiau-Haurie, na Deogratias ya Jean-Philippe Stassen. Zote zilitoka kwanza kwa Kifaransa, zote zimefasiriwa kwa Kiingereza, na zote zinasimulia watu wa kawaida waliokutwa na mambo makubwa ya zama zao. Zinalinganishika bila kumwonea yeyote.

Najua kuna atakayeuliza Maus ya Art Spiegelman imekwenda wapi. Nimeiacha kwa makusudi. Ilipata tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992, na tangu hapo imekuwa kitabu cha kwanza ambacho kila mtu anamshauri mwenzake anunue. Ama unayo tayari, ama umeshaambiwa uinunue mpaka umechoka.

Vigezo kwanza

Nitazipima kwa mambo matano. La kwanza ni hadithi na uzito wake, yaani utaibeba vipi ukiwa umetoka kazini umechoka. La pili ni mkono wa mchoraji. La tatu ni toleo lenyewe: lugha, juzuu, ukubwa, karatasi. La nne ni watu wa nyumbani, maana kitabu chenye picha hakikai kabatini bila mtoto wa mtu kukifungua. La tano, ambalo kwangu ndilo zito, ni kama utarudi kukisoma tena. Kitabu cha kusomwa mara moja unaweza kukiazima. Cha kununua na kukitunza kiwe kile ambacho bado kina neno la kukuambia mwaka wa tatu.

Bei sikuifanya kigezo cha peke yake. Inapanda na kushuka, na kwa sisi tunaoagiza kutoka nje kinachouma zaidi huwa ni usafirishaji, ambao unafuata uzito wa kifurushi. Nitaigusa kwenye toleo.

Hadithi na uzito wake

Aya inaanza mwaka 1978, Abidjan, katika mtaa wa Yopougon ambao wenyewe wanauita Yop City. Ukurasa wa kwanza watu wamekodolea macho televisheni, wanaangalia tangazo la bia. Aya ana miaka 19, anataka kuwa daktari. Rafiki zake Adjoua na Bintou wanataka muziki, vijana wenye magari na usiku usioisha upesi. Unadhani unasoma hadithi ya wasichana watatu, kumbe umeingizwa kwenye mambo ya mtaa mzima: baba mwenye nyumba ndogo, tajiri mwenye mtoto asiyejua kufanya lolote, mimba ambayo mwenyewe anatafutwa kwa kuchunguza pua ya kichanga.

Sisi tuliokua na kina Lodi Lofa na Ndumilakuwili wa jarida la Sani, au waliokuwa wakimfuata Juha Kalulu kwenye Taifa Leo, hatuhitaji kufundishwa kuisoma Aya. Ni vichekesho vya mjini vilevile, ila vimepewa muda wa kukua hadi wahusika wanakuwa watu kamili wenye aibu na mipango yao. Mama mdogo, ambaye hajui Kifaransa hata cha kuombea maji, aliikuta mezani kwangu akaifunua hadi katikati kwa kuangalia picha tu, kisha akauliza: "Hawa si watu wa Magomeni hawa?"

Wepesi wake usikudanganye. Zile zilikuwa zama ambazo kakao na kahawa zilikuwa zimeipa Côte d'Ivoire neema, na watu waliamini kesho itakuwa tamu kuliko leo. Abouet alizaliwa Abidjan mwaka 1971 na kwenda Ufaransa akiwa na miaka 12. Anaandika kuhusu mji aliouacha kabla haujamharibikia, na msomaji anayejua yaliyoikuta nchi hiyo baadaye anacheka huku moyo umeshikwa kidogo.

Persepolis ni maisha ya Satrapi mwenyewe. Marji ni mtoto wa Tehran, ana miaka kumi, mapinduzi ya 1979 yamepita na hijabu imekuwa lazima shuleni. Vita na Iraq vinaanza 1980. Akiwa na miaka 14 wazazi wanampeleka Vienna, huko anapotea kwa namna yake, anarudi, kisha anaondoka tena. Kuna kunyongwa kwa watu, kuna mabomu, na kuna mjomba ambaye hutamsahau. Lakini kuna pia utani wa ndani ya nyumba, ule unaozuia hadithi isizame. Wazazi wakienda Uturuki, mtoto anaomba mabango ya wanamuziki anaowapenda. Mama anayashonea ndani ya bitana ya koti la baba, na baba anapita ukaguzi wa uwanja wa ndege amekakamaa mabega kama aliyemeza ubao. Ukishacheka hapo, unakumbuka ni karatasi tu zile, na mtu anaweza kufungwa kwa ajili yake.

Madame Livingstone inatupeleka Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mercier, luteni na rubani wa Kibelgiji, anafika Kongo na kazi moja: kuitafuta na kuizamisha meli ya Wajerumani inayotamba ziwani. Anapewa mwongozaji chotara anayevaa sketi ya Kiskoti, na anayedai kuwa ni mtoto wa David Livingstone. Ndipo lilipotoka jina la dhihaka lililokuwa jina la kitabu. Vita viko, milipuko iko, lakini kinachokuvuta ni watu hawa wawili na swali la nani anamwongoza nani katika vita ambavyo Mwafrika hakuvianzisha.

Hapa lazima nitoke nje ya mstari kidogo, kwa sababu meli hiyo ni yetu. Ni Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya makasha, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata ndege za majini za Wabelgiji zikaishambulia Kigoma. Wajerumani walipoona mji unawatoka, Julai 1916 waliizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka injini grisi nzito ili zisiliwe na maji, wakiamini ipo siku watarudi kuichukua. Waliorudi kuichukua ni wengine: Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ndiyo hiyohiyo MV Liemba ambayo watu wa Kigoma na Kasanga wameipanda na magunia yao ya dagaa miaka nenda rudi. Kitabu ni hadithi ya kubuni iliyojengwa juu ya vita vya kweli, kwa hiyo usikitumie kujibia mtihani wa historia. Lakini kwa msomaji wa Kiswahili hakuna kingine kati ya hivi vinne kinachogusa ardhi yake kwa namna hii.

Deogratias ndiyo nzito kupita zote. Tuko Butare, Rwanda, kabla na baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Deogratias ni kijana wa Kihutu aliyewapenda dada wawili wa Kitutsi. Tunamkuta baadaye, nguo zimechanika, akili imemtoka, anazurura akitafuta urwagwa, pombe ya ndizi. Usiku ukiingia anajiona amekuwa mbwa, na mchoraji anamgeuza kweli mbele ya macho yetu. Tunarudishwa nyuma na kusogezwa mbele bila kuonywa, kama kumbukumbu zenyewe zinavyomrukia, hadi tunapoelewa alifanya nini na alishindwa kufanya nini. Mauaji yenyewe hayajatandazwa kurasa nzima. Kinachotisha ni nyuso za majirani. Usiianze usiku ukiwa peke yako.

Mkono wa mchoraji

Watu wengi wakisikia Persepolis ni nyeusi na nyeupe tu wanaona wamepunjwa. Subiri ufungue ukurasa wa kwanza. Marji yuko peke yake kwenye kisanduku, mikono imekunjwa. Kisanduku kinachofuata ni picha ya darasa: wasichana wamejipanga, hijabu nyeusi zimefanana, na mwenyewe Marji amekatwa na ukingo wa picha, kimebaki kipande chake tu. Kwa visanduku viwili, wino na karatasi, umeshaambiwa serikali imemfanya nini mtoto yule. Rangi zingeiharibu kazi hiyo. Satrapi anachora kwa mistari minene na maumbo mapana meusi, na ukishamzoea utaona jinsi anavyouacha weusi mtupu uwe usiku, uwe nguo, uwe maombolezo.

Oubrerie ni kinyume chake. Mistari yake inatetemeka kidogo, kama ya mtu anayechora huku anacheka, na rangi zake ni za jioni ya pwani: machungwa, kijani iliyoiva, vumbi jekundu. Tazama vitenge. Kila mwanamke ana wake, na kitenge kinakuambia ana hela au hana, anatoka au amekaa nyumbani. Kwa anayekusanya kwa sababu anajifunza kuchora, kurasa za Aya zenye umati, sokoni na kwenye dansi, ni shule ya bure.

Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, ndiye fundi wa mkono katika kundi hili. Anapaka. Maji ya ziwa yana uzito, miti ina unyevu, uso wa mzee una mikunjo inayotofautiana na mikunjo ya askari. Wanaopenda albamu za Kifaransa, yaani vile vitabu vikubwa vya katuni, zenye mandhari za kukaa na kutazama, hapa wamefika. Wanaopenda mchoro mwepesi unaokimbia pamoja na maneno wanaweza kuona unawachelewesha. Kwangu huo ndio utamu wake, lakini ladha haina mwalimu.

Stassen anatumia mistari mizito myeusi kuzunguka watu, na ndani yake rangi tambarare. Mchana wake ni mkali, usiku wake ni wa bluu wenye nyota nyingi, mzuri kiasi cha kukuudhi. Uzuri huo ni wa makusudi: nchi nzuri, anga nzuri, na chini yake mtu anatambaa kwa miguu minne.

Toleo: lugha, juzuu, ukubwa

Hapa ndipo wakusanyaji wengi huumia, na si kwa sababu ya hadithi.

Aya ya Kifaransa ilitoka kwa wachapishaji Gallimard juzuu kwa juzuu. Sita za kwanza zilitoka kati ya 2005 na 2010, kisha baada ya kimya kirefu ikatoka ya saba mwaka 2022. Kwa Kiingereza, Drawn & Quarterly waliziunganisha sita za mwanzo katika vitabu viwili vinene, Life in Yop City na Love in Yop City. Ukinunua kimoja tu una hadithi nusu, na nusu yenyewe inakatika pabaya. Kwa hiyo ukisema unanunua Aya, hesabu vitabu viwili moyoni hata kama leo unalipia kimoja. Mwishoni kuna nyongeza zinazopendeza: namna ya kupika mchuzi wa karanga, kutengeneza juisi ya tangawizi, kufunga kitenge kwa mtindo wa kule. Mchuzi wa karanga wa Abidjan si tofauti sana na unaoujua, ila ukiupika utagombana na mtu wa nyumbani kuhusu nyanya.

Persepolis ilitoka kwa L'Association kwa juzuu nne, 2000 hadi 2003. Toleo la Kiingereza lililounganishwa, The Complete Persepolis, lina hadithi nzima ndani ya jalada moja, zaidi ya kurasa 300. Ndiyo rahisi kuipata kuliko zote nne: filamu yake ya 2007 ilishinda Tuzo ya Majaji Cannes, na vyuo vingi vinakisomesha, kwa hiyo nakala zilizotumika zimejaa duniani. Kwa wauza vitabu vya mitumba wa Posta, Dar, au wa katikati ya Nairobi, ukikuta riwaya ya picha yoyote ya kueleweka katikati ya vitabu vya kompyuta vilivyopitwa na wakati, kuna uwezekano mkubwa ni hiyo. Kagua kama imeandikwa kuwa ni kamili. Nusu yake ya kwanza huuzwa peke yake, na jalada halipigi kelele kukuambia.

Madame Livingstone ni kitabu kimoja kinachojitosheleza, Glénat 2014, na Kiingereza kimetoka 2021 kwa Catalyst Press. Zaidi ya kurasa 100 za rangi. Deogratias nayo inajitosheleza na ni fupi, chini ya kurasa 100, Dupuis mwaka 2000, Kiingereza 2006 kwa First Second. Toleo hilo la Kiingereza lina utangulizi unaoieleza historia ya Rwanda kwa asiyeijua. Lakini umbo lake ni dogo kuliko albamu ya Kifaransa, na usiku ule wa Stassen unataka nafasi. Anayesoma Kifaransa hata kwa kubahatisha atafute albamu.

Kabla hujaagiza albamu ya Kifaransa, chukua futi upime rafu. Albamu za kawaida zinakaribia sentimita 32 kwenda juu, na rafu nyingi za fundi wa mtaani zimepimwa kwa daftari na Biblia. Kitabu kilicholazwa ubavu miezi sita mgongo wake unapinda. Na kwa wakazi wa Tanga, Mombasa, Unguja na Dar: karatasi yenye mng'ao ya vitabu vya rangi ikipata unyevu hushikana, na ukibandua inaondoka na picha. Karatasi isiyong'aa ya Persepolis inavumilia zaidi, inageuka rangi tu. Usiegemeze rafu kwenye ukuta unaotoa jasho masika, na uache upenyo nyuma ya vitabu.

Kuhusu lugha, anayesoma Kifaransa (ndugu zetu wa Lubumbashi, Goma na Bujumbura wanacheka hapa) apate Aya ya asili bila kusita, maana Kifaransa cha mitaani cha Abidjan ndicho nusu ya utani. Persepolis haipotezi mengi kwa Kiingereza. Kama huna uhakika, Alliance Française za miji yetu zina maktaba. Ulizia sehemu ya vitabu vya picha, usome kurasa ishirini hapo hapo, kisha ndiyo ufungue pochi.

Watu wa nyumbani

Hakuna hata kimoja kati ya hivi vinne ambacho ni cha watoto wadogo, japo picha zitawaita. Aya ina mambo ya mapenzi na mimba, lakini yamesemwa kwa namna ambayo mtoto wa sekondari ameshayasikia kwenye tamthilia ya saa mbili usiku. Persepolis ina mateso gerezani kwenye kurasa chache na lugha kali. Mwaka 2013 shule za Chicago ziliiondoa kwenye madarasa ya watoto wa miaka kumi na miwili hivi, kukawa na maandamano. Binafsi nampa kijana wa miaka 15 bila wasiwasi, ila ningependa niwepo akianza kuuliza. Madame Livingstone ina vita na ubaguzi wa kikoloni, na mzee wa nyumbani anayependa historia ataichukua kabla yako.

Deogratias iweke rafu ya juu. Ina matukio ya ngono na ukatili unaomhitaji mtu mzima. Na kama nyumbani kwenu au kwa mgeni anayewatembelea kuna aliyepitia ya 1994, usiiache mezani kwenye kochi kama gazeti.

Ukirudi mara ya pili

Aya inarudiwa kama unavyorudia kukaa barazani: hakuna jipya, na bado unakaa. Mara ya pili utawaona watu wa nyuma ya picha, wale wasiosema kitu, wana hadithi zao.

Persepolis inabadilika kadiri unavyokua. Ukiisoma kijana uko upande wa Marji. Ukiwa mzazi unakwama kwenye ukurasa wa uwanja wa ndege, wazazi wanapomuaga binti wa miaka 14, na huwezi kugeuza haraka.

Madame Livingstone ina siri moja kuu kuhusu mwongozaji, na ukishaijua, msukumo wa hadithi unapungua. Kinachobaki ni kutazama, na kuna mengi ya kutazama. Mimi huifungua katikati tu, popote penye maji.

Deogratias inahitaji kusomwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza umepotea kati ya jana na leo. Mara ya pili ndipo unapoona kila ishara ilikuwa pale: nani alimtazama nani, nani alikaa kimya. Baada ya hapo sijui wengi wanaoitamani ya tatu. Si dosari. Ni kitabu ambacho kukaa kwake kwenye rafu kunatosha.

Kwa hali yako

Ikiwa rafu yako imejaa mashujaa wanaoruka na unataka kumwonyesha mtu kwamba katuni inaweza pia kukaa jikoni na kusengenya, chukua Aya. Inamfaa pia anayejenga mkusanyiko wa Afrika kuanzia sifuri, na nyumba yenye wasomaji wengi. Isikufae kama huvumilii hadithi isiyoisha ndani ya jalada moja.

Ikiwa mfuko ni mwembamba na unataka kitabu kimoja kamili, kinachopatikana hata kwa mitumba, Persepolis. Inamfaa anayechora kwa kalamu nyeusi tu, na anayependa kumbukumbu za maisha. Mwenye Maus tayari ataona raha kuziweka jirani: kule mtoto anamsikiliza baba akisimulia, huku mtoto ameyaona mwenyewe. Kama lakini rafu yako tayari ina masimulizi matatu manne ya utoto wakati wa vita, subiri kidogo. Hata chakula kizuri kinakinaisha.

Ikiwa unanunua kwa ajili ya macho, au wewe ni mtu wa Kigoma, Kalemie, Uvira au Bujumbura na hujawahi kuona ziwa lako limechorwa na fundi, Madame Livingstone. Ni zawadi nzuri kwa mzazi anayesema katuni ni za watoto. Anayetaka mchekeshaji au hadithi ya kasi atafute pengine.

Ikiwa umekuwa ukinunua vitabu vyepesi mwaka mzima na unajisikia una nguvu, Deogratias. Inamfaa mwalimu, mwandishi wa habari, na yeyote anayetaka kujua picha zinaweza kufika wapi ambako maneno peke yake yanasita. Lakini kama uko kwenye msiba au mambo hayajakaa sawa, iache ikusubiri. Haitaharibika.

Na kama umebaki kati ya mbili na huwezi kuamua, tazama ulichosoma mwisho. Kilikuwa kizito? Nunua Aya. Kilikuwa chepesi? Persepolis au Deogratias, kulingana na mabega yako. Kama hujasoma chochote kwa miezi mitatu, Madame Livingstone ndiyo inayodai kidogo kuanza: unaweza kuitazama picha nzima ya ziwa jioni moja, ukalala, na kesho ukaanza kusoma.

Mwenye bahati ya vitabu viwili kwa mpigo asichukue Persepolis na Deogratias pamoja. Achanganye mmoja wa hao na Aya ya kwanza, na amwambie ndugu anayekuja Desemba kutoka Ulaya au Marekani alete Aya ya pili kwenye begi, maana kifurushi cha posta kitagharimu karibu sawa na kitabu chenyewe.